Ushauri: Nataka kuwaonyesha manahodha wa shule filamu ya Invictus, niipangeje?

KochaPasua
Wakuu, salaam. Nasimamia michezo sekondari moja hapa Moshi. Ijumaa nataka kuwaonyesha manahodha wa mpira, netiboli na riadha, kama 30 hivi, filamu ya Invictus (2009), ile ya Mandela na timu ya raga ya Afrika Kusini. Inazidi saa mbili, lafudhi yake nzito, na raga hawaijui. Niionyeshe yote au vipande? Projekta, laptopu na spika zipo.

Mwl_Sanawari
Yote, ila usikose kusimamisha kwenye kikao cha baraza la michezo. Wajumbe wameshaamua kulifuta jina la timu hiyo ya raga, Springboks, na rangi zake, maana kwa weusi wengi ile jezi ilikuwa nembo ya ubaguzi. Mandela anakwenda kuwapinga watu wake mwenyewe, huku msaidizi wake akimwonya kwamba anahatarisha heshima yake. Manahodha wengi hudhani uongozi ni kupiga kelele kabla ya mechi. Hapo wataona kazi nzito ni kumgeuza wa upande wako. Wape dakika 10 waseme wangepiga kura gani, na wewe usitangulize jibu. Ukilitoa wataitikia tu "ndiyo, mwalimu".

Pia wasikilize wachezaji wanavyosita kuimba Nkosi Sikelel' iAfrika. Sauti yake ndiyo ya Mungu Ibariki Afrika, wataitambua papo hapo.

DadaNjoro
Kocha, raga ifundishe ubaoni kabla, dakika 5 zinatosha. Wachezaji 15 kila upande. Pasi ya mkono haiendi mbele. Trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, ni alama 5, penalti 3, na teke la kudondosha mpira chini kisha kuupiga ukidunda nalo 3. Hilo la mwisho ndilo muhimu: fainali ya Kombe la Dunia la raga ya 24 Juni 1995, ile ya kwenye filamu, pale uwanja wa Ellis Park, Johannesburg, haikuwa na trai hata moja, ikaamuliwa muda wa nyongeza kwa teke la namna hiyo la Joel Stransky wa Afrika Kusini, 15-12. Asiyelijua hatajua kwa nini uwanja umelipuka.

Mwl_Sanawari
Nyongeza: filamu inampa Mandela na nahodha Pienaar karibu sifa zote. Kocha Kitch Christie haonekani sana, na ndiye aliyeinoa ile timu. Waambie, wasije wakaamini lile shairi la Invictus ambalo Mandela anampa Pienaar kwenye filamu linatosha bila mazoezi.

FundiMajengo
Anza saa 1 usiku. Kabla ya hapo mwanga wa madirishani utaiua picha. Tatizo la kawaida ni sauti kutokea kwenye kispika cha projekta, kwa sababu waya wa HDMI hubeba sauti pia. Kwenye mipangilio ya laptopu chagua tundu la hedifoni, halafu toa waya kwenda kwenye miksa (mashine ya kurekebisha sauti ya spika). Spika ziwe mbele, kando ya pazia. Punguza besi, maneno yatasikika vizuri.

KochaPasua
Ahsanteni sana. Fundi, maandishi ya chini nimeyapata kama faili la pembeni, yanachelewa kuliko midomo.

FundiMajengo
Lipe jina lilelile la faili la filamu, uliweke folda moja nayo, ufungue filamu kwa programu ya VLC. Yakichelewa bonyeza G, yakiwahi bonyeza H. Kila mbonyezo husogeza milisekunde 50. Jaribu Alhamisi, palepale ukumbini, kwa waya zilezile.