Naomba ushauri: nataka kuanzisha kikao cha wanaharakati na watu wa teknolojia kuhusu uhuru wa intaneti

Waya_Mweusi:
Wakuu, habari za muda huu. Kuna jambo linaninyima usingizi, naomba mawazo yenu.

Nataka kuanzisha kikao cha kila mwezi. Wanaharakati, waandishi wa habari, waandika programu na mafundi wa mitandao wakae meza moja wazungumzie uhuru wa intaneti. Tovuti zinafungwa, kipindi cha uchaguzi mtandao unazimwa. Wanaoumia hawajui kinachofanyika ndani ya mitambo, na wanaojua hawamjui anayeumia. Ukumbi nimepata bure. Watu 34 wamejiandikisha. Zimebaki siku 12.

Mada ya kwanza iwe ipi? Na makundi haya mawili nitayafanyaje yaelewane?

Ngoja_Niseme:
Nimekaa pale, ngoja wataalamu waje.

Kalamu_Kavu:
Mkuu, usianze na mhadhara. Sisi tulianza hivyo tukajuta. Jamaa mmoja alitueleza habari za Tor, ile programu ya kuficha anayetumia intaneti, tangu wazo lilipozaliwa kwenye maabara ya jeshi la wanamaji la Marekani, slaidi juu ya slaidi, saa moja na nusu. Mama mmoja anayetetea wapangaji akanyoosha mkono: "Simu yangu wakiichukua kesho, nifute nini kwanza?" Hakuna aliyemjibu. Mwezi uliofuata hakuja. Mwezi wa nne tulibaki wanne, mafundi watupu. Mpaka leo nikimkumbuka yule mama naona aibu.

Anza na mtu na tatizo lake. Aliyefungiwa tovuti aeleze kilichompata, mafundi wasimkatize, kisha waulize.

Mzee_wa_Busara:
Vijana, uhuru bila wajibu ni fujo. Nusu ya yanayoandikwa mtandaoni ni matusi. Mngeanza kikao cha adabu kwanza.

Kalamu_Kavu:
Mzee wangu, shikamoo. Misri usiku wa kuamkia 28 Januari 2011 walizima intaneti karibu nchi nzima, siku kama tano. Aliyekuwa akimtafuta mwanawe na aliyekuwa akitukana walizimiwa pamoja.

Siri_Sirini:
Mleta uzi, ukumbi wa bure ni wa nani? Na hao 34 wamejiandikisha wapi?

Waya_Mweusi:
Wamejaza fomu ya mtandaoni ya kawaida: jina, namba ya simu, kazi. Lazima nijue nani anakuja. Ukumbi ni wa kampuni fulani, hawana neno. Tusitoke nje ya mada, dada.

Siri_Sirini:
Hii ndiyo mada, kaka. Umetengeneza orodha ya wanaharakati wa eneo lako, na namba zao, ikiwa mahali pamoja. Kampuni gani? Sihitaji jina, niambie inafanya nini.

Waya_Mweusi:
Inatoa huduma ya intaneti. Nafanya kazi hapo. Meneja amekubali tutumie ukumbi, ila anataka orodha ya majina kwa ajili ya walinzi wa getini. Nimemwahidi Ijumaa. Ni utaratibu wa kila mgeni, hakuna ubaya.

Fundi_wa_Usiku:
Kitengo gani?

Waya_Mweusi:
Mtandao.

Fundi_wa_Usiku:
Mtandao una mengi. Wewe unafanya nini hasa?

Waya_Mweusi:
Amri ya kufunga tovuti ikija, mimi ndiye ninayeiingiza kwenye mitambo. Miaka mitatu sasa. Tovuti mbili nilizofunga ni za watu waliojiandikisha kwenye kikao changu. Hawajui. Ndiyo maana silali.

Ngoja_Niseme:
Nimeinuka pale nilipokuwa nimekaa.

Jicho_Kavu:
Wakuu, naona chai. Anayefunga tovuti aje kuomba ushauri hadharani? Ama hadithi ni ya kutunga, ama ni mtego wa kuona nani atajitokeza. Kama ni kweli, jibu hili: tovuti ya https, yaani yenye mawasiliano yaliyosimbwa, ikifungwa, mbona mtu haoni tangazo kwamba imefungwa?

Waya_Mweusi:
Kwa sababu cheti, yaani kitambulisho cha tovuti, hakilingani. Nikijibu badala ya tovuti, kivinjari kinagundua si mimi niliyeitwa, kinagoma. Mtumiaji anaona hitilafu tu, anailaumu simu yake. Mwanzoni tulikuwa tunadanganya kwenye DNS, mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba: ukiuliza anwani, unapewa ya uongo. Watu wakahamia DNS za nje, 1.1.1.1 na 8.8.8.8. Ndipo kikaletwa kifaa kinachosoma jina la tovuti kwenye salamu ya kwanza ya TLS, utaratibu unaosimba mawasiliano ya https. Jina hilo kwa kawaida hupita wazi, kabla usimbaji haujaanza. Likilingana na orodha, muunganisho unakatwa. Nimekipanga kifaa hicho kwa mikono yangu.

Fundi_wa_Usiku:
Hilo ni jibu la mtu wa kazi.

Jicho_Kavu:
Linathibitisha kazi, halithibitishi nia. Mtego hauhitaji mjinga.

Siri_Sirini:
Jicho ana hoja, na hatuwezi kuimaliza hapa. Lakini awe mkweli au mtego, ushauri ni uleule. Futa fomu. Ukumbi wa kampuni uache. Mlangoni pasiwe na daftari la kusaini. Picha zisipigwe. Mtu ajitambulishe kwa jina atakalo. Tumieni kanuni ya Chatham House, ipo tangu 1927: yaliyosemwa unaweza kuyatumia, aliyesema humtaji. Na mkitaka kupima tovuti zilizofungwa kwa programu ya OONI Probe, waelezeni watu kwanza kwamba matokeo huchapishwa wazi na kwamba anayechunguza mtandao anaweza kuona unaitumia. Kila mtu aamue mwenyewe.

Waya_Mweusi:
Nikiacha ukumbi nitaahirisha, na nikiahirisha watakata tamaa. Kazi nikiiacha ataletwa mwingine asiyejali. Nikiwa ndani naweza kuwaeleza mambo yanavyofanyika. Kwa nini niwaambie cheo changu kabla hawajanifahamu? Watakimbia wote.

Kalamu_Kavu:
Wakikimbia ni haki yao. Mwenzetu mmoja alipigwa picha kikaoni, bosi wake akaiona mtandaoni. Hakuulizwa wala hakuambiwa kwamba kuna mtu anapiga. Alichokipoteza hatukuweza kumrudishia. Tangu hapo siamini mwenye kikao anayewaamulia wengine hatari ya kubeba.

Mzee_wa_Busara:
Hapa naungana na vijana. Mgeni haalikwi gizani.

Mgeni_2:
Nimejiunga leo ili niandike hili tu. Kikao cha siku 12 zijazo, fomu yenye swali la mwisho "unafanya kazi wapi". Nilijaza Jumanne. Jina langu halisi, namba yangu halisi. Tovuti yetu imefungwa tangu mwaka jana na tulibadilisha seva mara mbili tukidhani ni ubovu wetu.

Sijakasirika bado. Nataka kujua kitu kimoja. Orodha umeshampa meneja?

Waya_Mweusi:
Hapana. Naapa, bado.

Mgeni_2:
Basi tuandikie wote 34 leo. Andika uliyoyaandika hapa, yote, na kifaa kile.

Waya_Mweusi:
Nimeifuta fomu sasa hivi, na nakala iliyokuwa kwenye kompyuta ya kazini. Namba nimezinakili kwenye karatasi, nitaichoma nikimaliza. Naanza na yako.