Majirani wa Muyeye: mafuta mekundu chini ya Premio

Athmani: Asalaam aleikum majirani. Niko chini ya gari langu, Toyota Premio, namwaga oili ya injini. Mbona yanatoka mekundu?

Da Rukia: Waaleikum salaam. USIWASHE GARI. Mafuta mekundu ni ya gia, umefungua boliti yake.

Ami Swaleh: Ziba kwanza. Hiyo boliti umeifungua kwa spana au kwa aleni (ufunguo wa pembe sita unaoingia ndani ya boliti)?

Athmani: Shikamoo Ami. Aleni namba 10. Nimeshaziba.

Ami Swaleh: Marahaba mwanangu. Ya aleni ni ya gia boksi. Ya injini ina kichwa cha nje, spana namba 14. Hili ndilo kosa kubwa la kumwaga oili nyumbani, kwa maana mtu asipogundua humwaga gia, kisha hujaza injini juu ya oili ya zamani. Injini inajaa kupita kiasi, gia imekauka. Pampu ya gia ikivuta hewa, klachi za ndani huteleza zikaungua.

Da Rukia: Premio yako ni toleo la 240 au 260, lililofuata?

Athmani: 240, injini ya aina ya 1NZ.

Da Rukia: Basi gia inataka mafuta ya aina ya T-IV. 260 yenye CVT (gia isiyo na hatua) ina mafuta yake mbali, na T-IV humo haifai kabisa.

Ami Swaleh: Yaliyotoka yapime kwa chupa ya lita. Yakiwa lita mbili na nusu, tia mpya lita mbili na nusu, kwa faneli nyembamba kwenye tundu la kijiti cha kupimia mafuta ya gia. Hayo ya besheni yameshaingia mchanga, usiyarudishe. Halafu washa, kanyaga breki, pitisha gia zote taratibu mpaka urudi P. Gari likipata moto, pima likiwa linanguruma, usome alama ya HOT kwenye kijiti hicho.

Kassim: Na injini hapo itakuwa imepata moto, ndiyo wakati wa kumwaga oili yake. Zima, ngoja dakika kumi usijiunguze. Athmani, gari umeliinua na nini?

Athmani: Jeki na matofali mawili.

Kassim: Toka chini sasa hivi! Tofali hupasuka ghafla, na jeki juu ya mchanga huzama upande mmoja. Njoo uchukue stendi zangu, na ubao mnene wa kuweka chini yake.

Da Rukia: Filta ya zamani ukiitoa, tazama mpira wake umetoka nayo. Mara nyingi hubaki umenata kwenye injini. Ukifunga mpya juu yake, mipira miwili haikai, oili yote hurushwa nje kwa dakika chache. Mpira mpya upake oili safi, funga filta kwa mkono, na mpira ukigusa injini ongeza robo tatu ya mzunguko. Spana ya filta ni ya kufungulia tu.

Kassim: Boliti ya oili nayo ibadilishiwe washa, ile pete yake ya kuzuia kuvuja. Anza kwa vidole. Ikikataa, usiilazimishe, itoe uanze tena. Ukiiviringisha kwa nguvu zako zote uzi wa sampu (bakuli la oili chini ya injini) utalika, na hapo ni kununua sampu.

Athmani: Nina galoni ya lita nne ya 20W-50. Niliambiwa joto letu linataka oili nzito.

Ami Swaleh: Joto la nje peke yake silo linaloamua. Thamostati, kifaa cha kudhibiti joto la injini, hushika maji yake karibu nyuzi 80 hadi 90, uwe Malindi kwenye joto uwe Limuru kwenye baridi. Injini yako ina VVT-i, mfumo wa kurekebisha valvu, wenye vijia vyembamba vya oili; 5W-30, iliyo nyepesi, ndiyo yake. Na usimimine galoni nzima! Pamoja na filta ni lita 3.7, bila filta 3.4. Tia 3.5 kwanza, washa dakika moja, zima, ngoja dakika tano mahali tambarare, pima, ongeza kidogo kidogo. Ikizidi sana kranki (mhimili unaozunguka ndani ya injini) huipiga ikatoa povu, na povu halilainishi kitu.

Da Rukia: 20W-50 niletee kama hujaifungua, nikubadilishie. Washa ya hiyo boliti ninayo.

Mama Zuhura: Na hiyo chafu msimwage nyuma ya ukuta. Kisima chetu kiko hatua ishirini, na mchanga huu hauzuii kitu.

Ami Swaleh: Kweli kabisa Mama Zuhura. Athmani, itie kwenye mtungi wenye kifuniko, filta ya zamani iinamishe ichuruzike humo humo. Gereji ya barabarani wanapokea.

Athmani: Mtungi ninao, Ami. Kassim, nakuja kwa stendi.