Wauza sponji za studio, acheni kutupiga: inchi moja HAIZUII sauti!

Wakuu, huu utapeli umezidi. Kila ukifungua simu unakutana na tangazo la vile vipande vyeusi vya sponji vyenye meno, sm 30 kwa 30, unene inchi moja, halafu wameandika "inazuia sauti 100%". Haizuii hata jogoo wa jirani.

Kuzuia sauti isipite ni kazi ya uzito na kuziba mianya: tofali lililopigwa plasta pande zote, mlango mzito, mpira kuzunguka fremu. Sponji ni nyepesi na hewa inapita ndani yake, basi na sauti inapita. Bandika ukuta mzima, dirisha la aluminiamu la kusukuma likibaki na mianya yake, bodaboda zitaingia kwenye rekodi kama kawaida.

Kazi halali ya sponji ni kupunguza mwangwi wa ndani ya chumba, na hata hiyo inchi moja inaifanya nusunusu. Wimbi la hertzi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde, yaani sauti nzito) lina urefu wa mita 3.4. Kitu cha sm 2.5 kilichogandishwa ukutani kitalifanya nini? Kinachomezwa ni "s", "sh" na ule mng'ao wa juu, kuanzia hertzi 1,500 hivi. Kifua cha sauti ya kiume, hertzi 100 hadi 400, kinaendelea kuzunguka chumbani kama hujaweka kitu. Ndiyo maana rekodi inatoka kama mtu anaongea ndani ya pipa. Mteja akilalamika anaambiwa aongeze pakiti! Akiongeza, juu panazidi kufa, chini pako palepale, rekodi inakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Chumba cha mita 3 kwa 3 ndicho kibaya zaidi: pande zote mbili besi inajazana kwenye hertzi 57 na 114, na hiyo 114 iko katikati ya sauti ya mwanaume. Msiweke maiki katikati ya chumba hicho.

Kinachofanya kazi fundi seremala yeyote anakutengenezea. Fremu ya mbao za inchi 1 kwa 4, ukubwa sm 60 kwa 120. Ndani jaza rokwuli (rockwool, sufi ya nyuzi za mawe) ya sm 10 (vipande viwili vya sm 5), uzito kilo 40 hadi 60 kwa mita ya ujazo. Waulize wanaofunga mabomba ya moto na majiko ya viwandani. Vaa glavu na barakoa, inawasha kwelikweli. Funika kwa kitambaa ambacho ukiweka mdomoni na kupuliza, pumzi inatoka upande wa pili. Khanga inafaa, ngozi ya makochi hapana, inarudisha sauti za juu. Ukiitundika acha sm 5 hadi 10 nyuma yake, kwa sababu hewa iliyogusana na ukuta haisogei, na paneli inakula sauti pale hewa inapotembea.

Sita zinatosha kwa sauti ya mtu. Mbili ziwe nyuma ya MWIMBAJI, kwenye kona, maana maiki ya kawaida ya studio inasikia mbele yake, na mbele yake ni wewe na ukuta ulio nyuma yako. Watu wengi wanabandika nyuma ya maiki tu. Hapo weka moja, kushoto moja, kulia moja, juu ya kichwa moja. Kwenye vigae tandika zulia. Mdomo ukae sm 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki.

Halafu moto, jambo ambalo hakuna muuzaji analitaja. Klabu ya The Station, Rhode Island, Marekani, 2003: fataki ziliwasha sponji ya ukutani, wakafa watu 100. Klabu ya Kiss, Santa Maria, Brazil, 2013: sponji ya dari, wakafa 242. Kata kipande, nenda nje, kishike kwa koleo, kiwashe. Kikiendelea kuwaka na kudondosha matone ya moto, usikiingize chumbani kwako. Rokwuli ni jiwe, haiwaki.

Wauzaji mliomo humu: wekeni hapa chini unene, kilo kwa mita ya ujazo, na kiwango cha ufyonzaji wa sauti kwenye hertzi 125, 250 na 500. Namba hizo kama hamna, futeni hiyo 100%.