Naomba ushauri wa tasnifu: Waanglo-Saksoni walihamia, au wenyeji waliiga tu?

Mwana_wa_Udongo: Wakuu, habari zenu. Naandika tasnifu ya shahada ya pili kuhusu Uingereza baada ya utawala wa Kirumi kukatika, mnamo mwaka 410. Beda, mtawa wa Uingereza aliyemaliza historia yake mwaka 731, anasema Waangli, Wasaksoni na Wajuti walivuka bahari wakatwaa nchi. Wataalamu wengine wanasema wageni walikuwa wachache, wenyeji ndio walioiga mavazi na lugha yao. Msimamizi wangu anataka nichague upande mmoja, na nalala nikiwaza hili. Nifanyeje?

Jembe_na_Brashi: Mdogo wangu, umesoma utafiti wa vinasaba wa 2022? Walipima watu 460 wa zama hizo, 278 kati yao wa Uingereza. Mashariki mwa nchi, hadi asilimia 76 ya asili yao ilitoka ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini, na wanawake wamo. Kwa hiyo habari ya kikosi kidogo cha wapiganaji haisimami. Lakini usikimbilie kwa Beda: wanaume waliozikwa na silaha, wengi tu hawakuwa na asili ya ugenini. Mkuki haukuambii baba wa mtu alitoka wapi.

Bi_Shanga: Naongezea hapo. Baadhi ya makaburi ya wanawake wa karne ya 5 na ya 6 yana duara la pembe ya ndovu karibu na nyonga: ni mdomo wa mkoba, kitambaa chenyewe kimeshaoza. Maduara ya Scremby, Lincolnshire, yamepimwa, ni pembe za tembo wa Afrika. Pembe imefika huko kwa kupita mikono mingi, na mama yule huenda hakuwahi kuiona bahari. Ukitaka kujua mtu alikulia wapi, tazama meno yake, maana maji ya utotoni huacha alama humo.

Mwana_wa_Udongo: Ahsanteni sana. Sasa nianzie wapi?

Jembe_na_Brashi: Chukua makaburi ya mahali pamoja. Buckland, karibu na Dover, watafiti wamechora mti wa ukoo wa vizazi vinne au zaidi, na panaonekana pale wageni na wenyeji walipooana. Mpelekee msimamizi mti huo, umuulize ndoa ile aiweke upande gani.

Mwana_wa_Udongo: Shikamoo, mkuu. Naufungua usiku huu huu.