Kompyuta haioni tena NAS yenye picha za harusi, intaneti iko sawa

BintKibokoni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba msaada, na naomba mnisome mpaka mwisho kwa sababu kuna sharti.

Mimi napiga picha za harusi, niko Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Kazi yangu yote ni upande wa wanawake: siku ya hina, kesha, kupamba. Wanawake hawa hukaa mbele ya kamera yangu bila buibui wala mtandio, na jambo la kwanza mama wa bibi harusi huniambia, kabla ya kuulizia bei, ni kwamba picha zisikanyage intaneti. Kwa hiyo sijapata hata siku moja kuweka kazi yangu kwenye hifadhi za mtandaoni. Nilinunua NAS, yaani sanduku la kuhifadhia mafaili linalofikiwa kwa mtandao wa ndani ya nyumba, ya diski mbili za terabaiti 4, kila kinachoandikwa kwenye moja huandikwa na kwenye ya pili. Iko juu ya kabati chumba cha nyuma, na waya wake unapita juu ya mlango hadi kwenye rauta sebuleni. Nyumba hii ni ya kale, kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene mno, waifai ikifika chumba cha nyuma imeshachoka.

Jumatano usiku stima ilipotea, iliporudi ikaondoka na rauta. Alhamisi akaja fundi wa kampuni ya intaneti, akafunga rauta mpya, akaenda zake. Intaneti inakwenda vizuri kuliko zamani. Lakini tangu siku hiyo diski ya Z: kwenye kompyuta ina msalaba mwekundu. Nikiibonyeza inafikiri karibu nusu dakika, kisha inasema njia ya mtandao haikupatikana, 0x80070035. Simu yangu nayo haioni kitu. Taa za NAS ni kijani zote na diski nazisikia zikizunguka.

Nimezima na kuwasha vyote. Nimebadilisha waya mmoja. Nimezima antivairasi, nikaiwasha tena. Kijana mmoja mwenye duka la kompyuta ameniambia nimletee sanduku azitoe diski azisome kwenye mashine yake. Hilo siwezi. Zile picha ni amana, hazitoki nyumbani kwangu. Na bibi harusi wa Jumapili iliyopita anamfuata mumewe Maskati wiki ijayo, anataka albamu yake aende nayo.

---

Tudor_Nyaya

Mimi ilinitokea hivyo hivyo. Nenda kwenye vipengele vya Windows, tia alama kwenye SMB 1.0, anzisha kompyuta upya. Dakika tano umemaliza.

---

Fundi_Majengo

Dada BintKibokoni, tafadhali usifanye hilo. Tudor_Nyaya, najua nia yako ni njema, lakini SMB 1 ni lugha ya zamani ya kugawana mafaili, na ndiyo mlango WannaCry, ile programu haribifu ya kudai fidia, alioingilia Mei 2017 akafunga kompyuta dunia nzima. Tangu mwaka huo huo, Windows mpya haziji nayo ikiwa imewashwa. Mtu aliyebeba amana za watu hafungui mlango ule. Tena kosa la 0x80070035 halisemi lugha haikueleweka. Linasema nilikwenda kwenye anwani ile na sikukuta mtu.

Kwa hiyo tuanze na anwani. Nifanyie mambo mawili tu, usiguse kingine:

Fungua dirisha jeusi la amri, andika `net use`, uniambie Z: inaelekea wapi. Kisha andika `ipconfig`, uniambie mstari wa IPv4 (anwani ya kompyuta yako) na mstari wa Default Gateway (anwani ya rauta). Namba hizi ni za ndani ya nyumba, hakuna atakayekudhuru kwa kuzijua.

---

BintKibokoni

Shukran kakangu. Haya:

Z: inaelekea \\192.168.1.50\harusi
IPv4 ni 192.168.100.14
Default Gateway ni 192.168.100.1

---

Fundi_Majengo

Basi tumeshaipata. Diski zako hazina neno, pumua.

Tazama namba ya tatu. NAS yako iko 192.168.1, kompyuta yako iko 192.168.100. Rauta ya zamani ilikuwa inagawa anwani za 1, na mtu aliyekufungia NAS akaiandikia anwani yake kwa mkono, 50, isibadilike. Alifanya vyema kwa wakati ule. Rauta mpya inagawa anwani za 100. Kompyuta na simu zilipokea anwani mpya mara moja kwa sababu zenyewe huomba. NAS haiombi, imeshikilia ile iliyoandikiwa. Ni kama NAS ibaki Likoni nanyi nyote mmehamia kisiwani, na feri hakuna. Waya mzima, taa zinawaka, lakini hamfikiani. Ndiyo sababu na simu haioni, na ndiyo sababu kubadilisha waya hakukusaidia.

Fanya hivi. Chukua kompyuta hadi chumba cha nyuma. Chomoa waya wa NAS unaokwenda kwenye rauta, na kwa waya mfupi wowote wa mtandao unganisha NAS na kompyuta moja kwa moja. Zima waifai ya kompyuta. Kwenye mipangilio ya mtandao wa waya, sehemu ya IPv4, toka kwenye otomatiki uandike kwa mkono: anwani 192.168.1.60, subnet mask 255.255.255.0, gateway iache tupu. Sasa nawe uko Likoni pamoja nayo. Fungua kivinjari, andika 192.168.1.50 vile ulivyokuwa ukiandika zamani kuingia kwenye ukurasa wa NAS. Ukiingia, nenda kwenye mtandao, badilisha anwani kutoka ya mkono iwe ya otomatiki, hifadhi.

Hapo ukurasa utakatika. Usishtuke, utakatika kwa sababu NAS imeiacha anwani ile uliyokuwa ukiifuata. Rudisha waya wake kwenye rauta, rudisha kompyuta kwenye otomatiki, washa waifai, kisha zima NAS kwa utaratibu na uiwashe. Ingia kwenye ukurasa wa rauta, 192.168.100.1, kwenye orodha ya vifaa utaiona NAS na anwani yake mpya.

---

MamaBamburi

Mwanangu, aliyosema Fundi ni sahihi. Ipo na njia fupi: ingia kwenye rauta mpya, ibadilishe yenyewe iwe 192.168.1.1 igawe anwani za 1, kila kitu kinarudi kama jana. Lakini mimi nimefanya kazi ya mitandao ya ofisi miaka mingi na siipendi kwa rauta ya kampuni, maana wakiisawazisha upya kutoka kwao unarudi pale pale. Fuata njia ya Fundi, kisha kwenye rauta tafuta mahali pa kuiwekea NAS anwani maalumu kwa kufuata namba yake ya MAC, ile ya kukitambulisha kifaa chenyewe, iliyobandikwa chini ya sanduku. Hivyo rauta ndiyo itakayoikumbuka, na stima ikipotea tena NAS itarudishiwa anwani ile ile.

---

BintKibokoni

Wallahi mikono ilikuwa ikitetemeka, lakini ukurasa wa NAS umefunguka. Nimeona folda zote za harusi kwa majina yake. Alhamdulillahi.

Nimeiweka kwenye otomatiki, nimeirudisha kwenye rauta, na nimefanya alivyosema mama, sasa ni 192.168.100.50. Nikaandika `net use Z: /delete`, kisha `net use Z: \\192.168.100.50\harusi /persistent:yes`.

Sasa kosa ni jingine. Linasema siwezi kufungua folda kwa sababu sera za usalama za shirika zinazuia mgeni asiyejitambulisha. Mimi sina shirika, niko peke yangu. Na zamani sikuwa naulizwa nywila yoyote, nikibonyeza inafunguka. Windows ni 11 Pro, na juzi ilijisasisha nikiwa bado nahangaika na rauta.

---

Fundi_Majengo

Hili ni jambo la pili, halihusiani na rauta, yamekutana tu wiki moja. Windows 11 toleo la 24H2, lililotoka Oktoba 2024, kwa upande wa Pro imeacha kukubali kuingia kama mgeni kwenye folda za mtandao. Tena inataka kila kinachopita kati yake na NAS kitiwe sahihi, na mgeni asiye na nywila hana cha kutilia sahihi. Neno "shirika" ni lugha yao tu, lisikusumbue.

Utakuta watu wanaokuonyesha jinsi ya kuilazimisha ikubali mgeni. Inawezekana. Lakini dada, hebu nikuulize: waifai ya nyumba yenu wanatumia nani na nani?

---

BintKibokoni

Wanatumia wote. Ndugu zangu, wageni wakija, watoto wa jirani wa ghorofa ya juu nao nimewapa nywila wasomee.

Nimesoma swali lako nikakaa kimya muda mrefu. Maana yake ni kwamba miaka yote hii, mtu yeyote mwenye nywila ya waifai angeweza kufungua folda ya harusi kwa simu yake. Niliiogopa intaneti nikauacha wazi mlango wa ndani. Mama za hawa mabibi harusi wameniamini mimi. Nielekeze nifunge, na nifunge vizuri.

---

Fundi_Majengo

Kwenye ukurasa wa NAS, sehemu ya watumiaji, tengeneza mtumiaji wako mwenye nywila ndefu ambayo si ile ya waifai. Kwenye folda ya harusi mpe yeye peke yake ruhusa ya kusoma na kuandika, kisha mzime mgeni kabisa. Akaunti ya msimamizi nayo ibadilishie nywila. Halafu kwenye Windows fungua Credential Manager, pale Windows inapoweka nywila, futa chochote chenye anwani ya zamani ya NAS, ufungue Z: upya, itakuuliza jina na nywila, mwambie akumbuke. Rauta yako ikiwa na uwezo wa kutoa waifai ya wageni, wahamishe watoto wa jirani huko. Mara nyingi mtandao huo hauoni vifaa vya ndani. Jaribu kwa simu uhakikishe.

Na jambo la mwisho, usiwashe kitu chochote kwenye NAS kinachoitwa ufikiaji wa mbali, wala usimruhusu mtu akufungulie kwenye rauta tundu la 445, lile ambalo SMB hupitia.

---

BintKibokoni

Imefunguka. Nimejaribu kwa simu ya mdogo wangu, inaomba nywila na inamkataa. Watoto wa jirani wana waifai yao sasa, nao NAS hawaioni.

Kitu kimoja tu. Nimechomeka kompyuta kwa waya kwenye rauta nihamishe harusi ya Jumapili, gigabaiti 200, na inakwenda megabaiti 11 kwa sekunde. Inasema itachukua muda wa saa tano. Zamani haikuwa hivi.

---

MamaBamburi

Mwanangu, 11 hiyo ni alama ya waya wa megabiti 100, maana baiti moja ni biti nane. Waya wa gigabiti unatumia jozi zote nne za nyuzi zilizo ndani yake, jozi moja ikikatika au ikishika kutu vifaa vinashuka kwenye 100 vyenyewe bila kusema. Uko hatua chache kutoka baharini. Chomoa waya mrefu wa chumba cha nyuma utazame vichwa vyake, yale meno ya shaba.

---

BintKibokoni

Mama, kichwa cha upande wa NAS kilikuwa na kutu ya kijani kwenye meno mawili. Waya niliobadilisha siku ya kwanza ulikuwa wa kompyuta, si huu. Fundi wa waya wa Makadara amekuja, nikasimama naye hapo hapo, akakata, akabana kichwa kipya. Sasa inasoma 110 na ushee, harusi yote ilimaliza kwa nusu saa.

Albamu imetoka leo alasiri. Nimeipeleka mwenyewe kwa mkono hadi nyumbani kwao, na mamake ameipokea mlangoni.

Kakangu Fundi, mama, na wewe Tudor_Nyaya uliyekuwa wa kwanza kunijibu, Mungu awalipe kheri. Kesho nanunua diski ya nje ya kuhifadhi nakala nyingine, itakaa kwa mama yangu, imefungwa kwa nywila.