Mjadala: Jaji Burnett kufutwa jina shuleni, ni haki au wamemwonea marehemu?

Kipanga wa Kilosa: Wakuu, San Jose kule California kulikuwa na shule ya Peter Burnett. 2019 wakaibadili, sasa inaitwa Muwekma Ohlone, jina la wenyeji wa asili wa pale. Long Beach walitangulia 2014. Huyu mzee alitoka Missouri 1843 na msafara wa magari ya ng'ombe mpaka Oregon, akaingia kwenye kutunga sheria, akawa jaji, dhahabu ilipoonekana akashuka California, akachaguliwa gavana. Naona wameonea maiti. Ila ndugu zetu wabeba boksi huko lazima walishangilia, wao kila kitu cha Mzungu ni makofi.

Mama Tunu: Mtetee vizuri basi. 1844 huko Oregon alileta sheria kwamba Mweusi asiyehama achapwe viboko 39 kila mwezi. George Washington Bush, Mweusi mwenye uwezo wake, alifika mwaka huohuo akaikuta, ikabidi avuke mto Columbia akaishi kaskazini. Msije kuniambia "zama zake". Bush alikuwa wa zama zipi?

Sauti ya Ukwaju: Dada, siyo kila mwezi, ni kila miezi sita. Na ni kuanzia 20 mpaka 39. Desemba viboko vikaondolewa wakaweka kazi ya lazima, mwaka uliofuata ikafutwa yote kabla ya kumgusa mtu. Tuwe tunasoma.

Mama Tunu: Ahsante mwalimu. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka ni nafuu? Lete mgongo, tuanze na hizo 20.

Mpwa wa Fresno: Viboko baadaye. Kipanga, mbeba boksi ni nani? Nalipa kodi huku, wanangu wanasoma shule hizohizo unazozijadili kwa bando la kuazima.

Kipanga wa Kilosa: Povu la nini mkuu? Nimerusha jiwe gizani, naona limempata mtu.

Mpwa wa Fresno: Ada za Januari zikifika hilo giza huwa linaisha, namba zetu mnaziona vizuri kabisa.

Wakili wa Kona: Jamani, mada! Mnaacha kesi ya Archy Lee, 1858. California ni jimbo lisilo na utumwa, Burnett yuko Mahakama ya Juu ya jimbo. Anakubali sheria inamwangusha Stovall, aliyedai kuwa bwana wa Archy. Halafu anaamuru Archy arudishwe kwake, eti Stovall ni kijana, afya mgogoro, na kesi ni ya kwanza! Baadaye kamishna wa serikali kuu akamwachia Archy huru. Weka ubaguzi pembeni, huyu kwa kazi yake tu ya ujaji alikuwa kilaza.

Sauti ya Ukwaju: Jaji haruhusiwi huruma?

Wakili wa Kona: Huruma kwa mlalamikaji, pingu kwa Archy. Umesomea wapi?

Sauti ya Ukwaju: Usinitafutie vyeti.

Babu Kikoi: Mmekazania Weusi, Wahindi Wekundu mmewasahau. Januari 1851 aliliambia bunge la jimbo kuwa vita ya kuwaangamiza itegemewe kuendelea mpaka kizazi chao kiishe. Siku chache mbele akajiuzulu. Kama shule imepewa jina lao, mimi sioni cha kujadili.

Kipanga wa Kilosa: Sawa, na Selous je? 2019 hiyohiyo tulikata kipande tukakiita Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kilichobaki bado ni Selous, mwindaji wa Kiingereza. Mbona hamlii?

Mama Tunu: Selous alitunga sheria ya viboko?

Sauti ya Ukwaju: Na alikufa vitani Beho Beho, 1917, siyo mawindoni. Tuwe tunasoma.

Babu Kikoi: Nani kasema mawindoni?

Mpwa wa Fresno: Kipanga kakimbilia porini. La boksi hajajibu.