Rubani mpya amlipe mwajiri ili afundishwe kazi, afungwe mkataba, au aanzie ndege ndogo?

Mwana_Mikindani
Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo salama. Mdogo wangu amerudi Mtwara na leseni ya urubani wa biashara, masaa 210 ya kuruka. Ada ilitoka kwenye mikorosho ya mzee kule Tandahimba, misimu minne, na mama mpaka leo anabangua jioni, vidole vimeungua kwa mafuta ya maganda. Sasa kampuni moja ya nje imemwandikia. Barua nimeisoma mara tatu. Kwanza alipe, ndipo afundishwe ndege ya abiria kwenye simuleta (mashine ya ardhini inayoigiza ndege), kisha arushe masaa 500 bila mshahara. Baada ya hapo hawaahidi kitu.

Mzee anataka kuuza ekari tatu. Mimi napima njia tatu: kuwalipa hawa, kutafuta kampuni itakayomsomesha halafu imfunge mkataba wa miaka kadhaa, au aanzie ndege ndogo akusanye masaa. Mlioko angani, nisaidieni.

Kiti_cha_Kulia
Mimi ni mtoto wa Nachingwea, narusha. Mkuu, barua hiyo imechanganya vitu viwili, vitenganishe.

Ndege inayozidi kilo 5,700 hairushwi kwa leseni tupu, lazima usomee aina hiyohiyo. Ndiyo tunaita taipu retingi. Bombadia Q400 inayotua hapo Mtwara inaweza kupaa ikiwa na uzito wa tani 29, kwa hiyo nayo imo. Ukisomea kwenye kituo kilichoidhinishwa na ukafaulu, inaandikwa kwenye leseni yako. Ghali, ndiyo, lakini ni yako.

Masaa 500 ya kubeba abiria si masomo, ni kazi. Nauli zimelipwa, na ndege hiyo haiondoki bila rubani wa pili. Kiti kimoja kinauzwa mara mbili: kwa abiria na kwa kijana wenu. Hapo mimi sikubali hata senti.

Halafu retingi ina muda wake. Usipopimwa tena kwenye simuleta inakufa, na kila upimaji ni pesa. Nimekutana na vijana wenye retingi nzuri kabatini, hawana kazi wala pesa ya kuihuisha.

Binti_Msimbati
Kaka, nakuheshimu ila napingana nawe kidogo. Wenye masaa 200 ni wengi na nafasi ni chache. Ryanair ya Ulaya iliwatoza warubani wapya gharama za retingi kwa miaka mingi, na wapo waliofika ukapteni kwa njia hiyo. Binamu yangu alilipa, leo analipwa vizuri. Akikaa miaka mitatu nyumbani akisubiri, mikono inasahau. Na hiyo nayo ni hasara.

Kiti_cha_Kulia
Dada, hao walilipia retingi, na mbele yao kulikuwa na kazi yenye mshahara. Barua hii haina mshahara wala ajira.

Baba_Wawili_Kilwa
Wanangu, mimi nililipa. Kampuni siitaji. Kijana wangu alipata masaa 90 kati ya 500, ndege zikachukuliwa na wenyewe waliowakodishia, ofisi ikafungwa. Hela haijarudi mpaka leo. Aliponipigia alikuwa analia, na mimi huku nilikuwa nimeshauza nyumba ya Kilwa Masoko.

Mkataba wa kufungwa ni nafuu, lakini someni kipengele cha deni, yaani gharama ya masomo anayodaiwa akiondoka mapema. Deni lipungue kila mwezi anaofanya kazi. Na kampuni ikimwachisha yenyewe, asidaiwe. Wa kwanza tulioletewa ulikuwa kimya kabisa kwenye hilo.

Karavani_208
Hakuna aliyeigusa njia ya tatu, na ndiyo ninayoipenda. Leseni ya juu, ATPL, inataka masaa 1,500, na sehemu yake uwe wewe ndiye kiongozi wa ndege. Kiti cha kulia cha ndege kubwa, yaani cha rubani wa pili, hakikupi hayo kirahisi. Cessna Caravan ni ndege ndogo, haivuki kilo 5,700, na ukishazoeshwa unaongoza mwenyewe: Mafia, Kilwa, viwanja vya vumbi vya hifadhini. Ukitua kwenye kiwanja kifupi, upepo wa pembeni, tembo amesimama mwisho wa njia, unajifunza kuamua.

Sitamdanganya: kwa masaa 210 wengi watamkatalia. Aende mwenyewe na daftari lake la masaa, akubali hata kupakia mizigo na kupanga abiria kwanza. Mimi nilipakia mizigo miezi minane. Ualimu wa urubani nao unalipa huku masaa yakipanda.

Mwana_Mikindani
Nimemsomea mzee yote, Baba Wawili nimerudia mara mbili. Alinyamaza, akasema ekari haziuzwi. Dogo anapanda basi la Dar Jumatatu na daftari lake. Karavani_208, waliokupa kazi ya mizigo uliwaendea na barua, au ulisimama tu mlangoni kwao asubuhi?